Kidari cha Rubani

Mama yangu alikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Katika miaka ya vita pale Bunia hilo halikuwa jambo gumu, maana serikali zenyewe zilipokezana mji kabla hatujazoea sura za wale waliotangulia. Sheria za mama hazikupokezana na kitu. Alizitoa kwao, upande wa Butembo, akazibeba mpaka Ituri pamoja na masufuria yake, na baba alipofariki alibaki nazo zikimtunza kuliko sisi watoto. Nyingine nilizifuata, nyingine nilizikwepa, na moja ilinishika miguu miaka minne mizima, isiniache niolewe nikaolewa kweli. Nataka kueleza jinsi rubani mmoja mgeni, ambaye hata kaburi hana, alivyoingia katika sheria hiyo bila kujua, na jinsi alivyotoka.

Tulikuwa na banda la chakula karibu na uwanja wa ndege. Sisi huliita malewa: meza mbili, mabenchi, turubai juu, moto nyuma. Mama alipika bugali, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na maharage, na samaki wa Kasenyi siku ambazo njia ya kuteremka ziwani ilipitika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuosha sahani na kuwajibu wateja vibaya. Mama alisema ulimi wangu unafukuza watu kuliko moshi. Barabara zote zilikuwa zimefungwa na vizuizi vya wapiganaji, kwa hiyo karibu kila kitu tulichotumia kilishuka kutoka angani. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, hata daftari za shule, vyote vililetwa na ndege kuukuu za mizigo, zenye kelele ya kutikisa vikombe mezani. Walioziendesha walikuwa Wazungu wa nchi za baridi. Tuliwaita wote Warusi, ingawa wengine walikataa kwa kutikisa kichwa.

Wa kwetu walikuwa watatu. Kwanza rubani, mtu mzima mwenye tumbo na masharubu. Halafu fundi wa injini, mwembamba, asiyecheka ila mbele ya nyama. Na wa mwisho kijana aliyeshika ramani, mwenye masikio mekundu, ambaye nikimtazama tu alikuwa akipaliwa na chai. Nilimtazama mara nyingi kwa sababu hiyo.

Siku ya kwanza rubani aliingia malewa, akafunua sufuria bila kunawa mikono. Mama alimwadhibu kwa pilipili. Alimwekea kwenye samaki kiasi ambacho kingemfanya mtu wa hapa amshtaki, kisha akarudi nyuma, akafunga mikono, akangoja. Rubani alikula. Machozi yalimtoka, masharubu yakalowa, akaendelea kula mpaka mwisho, halafu akaigeuza sahani chini juu kuonyesha kwamba haina kitu. Akasukuma bakuli la pilipili kwa kidole, akiomba lijazwe tena. Kuanzia hapo mama alimpenda. Naweza kusema alimpenda kuliko wateja wote, na nafikiri kuliko mimi, maana mimi pilipili siwezi mpaka leo.

Kiswahili chake kilikuwa sentensi moja: “Mama, chakula iko?” Alikitumia kusalimu, kushukuru na kuaga. Alimwambia hivyo hata padri siku moja, na padri akamjibu kwamba iko. Rubani akakubaliana pia na mama kuhusu ndege. Akitaka chai tu, angetua moja kwa moja. Akiwa na njaa, angezunguka mara mbili juu ya uwanja wetu, na mama angeweka maji ya bugali motoni. Hivi ndivyo tulivyoishi, mji mzima ukisikiliza mlio wa bunduki ili ujue pa kukimbilia, na mama akisikiliza ndege ili ajue apike nini. Majirani walimwona amerukwa na akili. Lakini bugali yake ilikuwa ya moto kila mara.

Sitaficha lililo wazi. Ndege zile hazikuleta sabuni peke yake. Kulikuwa na siku ambapo askari walituamuru tugeuze migongo, na masanduku marefu yalishushwa ambayo hakuna aliyeuliza yana nini. Siku hizo rubani hakuzunguka. Alikunywa chai amesimama, hakumtazama mama usoni, na mama hakumwekea pilipili.

Sasa, mimi nilikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mahagi, mpole mpaka unaweza kumsahau kwenye benchi. Alikula maharage kwetu miezi mitatu kabla ya kusema alichofuata. Mama alipomsikia hakukataa, alimsomea sheria. Mahari ni mbuzi kumi. Mbuzi hao watoke katika zizi la baba yake, wasinunuliwe sokoni, maana mbuzi hunuka nyumba alikolelewa na mama alitaka kuinusa nyumba anakokwenda mwanawe. Waingie kwetu kwa miguu yao, wakiongozwa kwa kamba. Yule anayeshika kamba wakati wa kupita mlango wa ua, huyo ndiye mshenga wa ndoa. Na siku ya karamu mshenga huketi kwenye kiti cha mbele, apewe kidari cha mbuzi, akile chote. Akikimaliza, ndoa imefungwa. Asipokimaliza, binti bado ni wa kwao, hata kama ameshazaa.

Mchumba wangu alisikiliza yote kama mtoto wa darasa la kwanza, akauliza swali moja tu: mbuzi watapitaje vizuizi vya njia ya Mahagi? Watu wenyewe walikuwa hawapiti. Mama akamjibu kwamba hilo ni swali la mwanaume anayeoa.

Nililia siku mbili. Halafu nikaenda kwa rubani.

Nilimweleza kwa mikono, na pale mikono iliposhindwa nililia kama mbuzi. Fundi wa injini alicheka, na hakukuwa na nyama mezani. Kumbe kila wiki walitua kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Mahagi kuchukua maharage na viazi. Kijana wa ramani alichora ndege kwenye karatasi, akachora mbuzi kumi dirishani wakipunga mikono, akanipa. Barua ya mchumba wangu ilikwenda na safari iliyofuata, ikimwambia baba yake mdogo, aliyekuwa amechaguliwa mshenga, apande ndege pamoja na mbuzi.

Wiki moja baadaye, saa nne asubuhi, ndege ikazunguka juu yetu mara mbili. Mama akaweka maji. Ikazunguka mara ya tatu. Mama akatoka nje na mwiko mkononi, akatazama juu, akaniuliza kuzunguka mara tatu kuna maana gani. Sikujua. Mchumba wangu, aliyepaswa kuwa uwanjani kumpokea baba yake mdogo, alikuwa anasimamia mtihani wa darasa la sita na hakutegemea ndege kabla ya adhuhuri.

Yaliyotokea Mahagi tuliyajua baadaye kwa barua. Baba mdogo alifika kiwanjani na mbuzi kumi waliofungwa kamba moja ndefu. Aliizunguka ndege, akagonga ubavu wake kwa kidole, akaona kiraka. Akasema Mungu alimpa miguu, hakumpa mabawa. Akamwekea rubani ncha ya kamba mkononi, akampa baraka, akaenda nyumbani kwake. Kwa mtu wa Mahagi, alikuwa ametuma mbuzi kama mtu anavyotuma gunia kwa gari. Hakuijua sheria ya kamba. Mwenye kuijua alikuwa kwenye mtihani.

Rubani naye angeweza kuwaacha mbuzi uwanjani. Lakini alikuwa mtu wa furaha, na nafikiri katika vita ile alikuwa amebeba vitu vingi visivyochekesha. Akaizungushia kamba mkono wake, akaanza kutembea kuja kwetu. Nyuma yake mbuzi kumi waliokuwa wamelewa kwa safari ya angani, wakiyumba, mmoja akienda kinyumenyume. Fundi aliwaswaga kwa kofia. Kijana wa ramani alimbeba mdogo kabisa kifuani, aliyekuwa amemtapikia. Pale kwenye kizuizi, askari mmoja alimshika beberu pembe na kusema huyu ni wa ushuru. Rubani alimtazama, akamwambia kwa heshima zote, “Mama, chakula iko?”

Wale askari walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Aliyemshika beberu akamwachia, kisha akamsukuma kwa nyuma ili asichelewe. Watu wakaanza kufuata msafara. Wanawake walipiga vigelegele bila kujua wanampigia nani. Ilikuwa miezi mingi barabara ile haijasikia kigelegele, na kilipoanza hakuna aliyetaka kiishe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono yenye povu la sahani, nikicheka na kulia kwa pamoja, nikijua hao ni mbuzi wangu.

Mama hakucheka. Alikuwa anatazama mkono.

“Nani iko na kamba?” aliuliza.

Nikasema ni rubani.

“Basi yee njo mushenga.”

Mchumba wangu akafika anakimbia, chaki mikononi, wakati mbuzi wa mwisho ameshaingia. Alijaribu kueleza kwamba mgeni alikuwa anasaidia tu, kwamba baba mdogo yupo na jina lake lilishatajwa, kwamba huyu hata hajui ameingia wapi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kamba haiulize mutu kabila,” akasema.

Katika miaka ile neno hilo la mwisho lilikuwa zito. Watu waliulizwa njiani, na jibu liliweza kuwaua. Hata mchumba wangu aliacha kubisha, na ndivyo rubani alivyokuwa mshenga wangu. Kijana wa ramani alielewa wa kwanza. Akachora mwanamke, mwanaume, na katikati mtu mwenye masharubu amewashika mikono. Rubani aliitazama karatasi kwa muda, akasimama, akambusu mama mkono. Mama aliufuta kwenye kitenge, lakini aliufuta polepole.

Karamu ikapangwa Jumamosi. Mama alichinja mwenyewe mmoja wa mbuzi, akakiweka kidari pembeni, akakisugua chumvi na pilipili nyingi kwa ajili ya kinywa alichokijua. Asubuhi hiyo hiyo rubani alikuja malewa amevaa shati safi, lakini uso umekunjamana. Alikuwa ametumwa. Alinyoosha kidole juu, akaonyesha sufuria, akainua vidole vinne, kwa hesabu ya saa za Kizungu: angerudi kabla ya saa kumi. Mama hakuridhika. Basi akavua kofia yake ya kijivu, akaiweka juu ya kiti cha mbele ili mtu mwingine asikikalie, akamwambia mama sentensi yake. Mama akamjibu kwamba iko.

Ndege yake haikuzunguka siku ile, wala kesho yake.

Wageni walikula sehemu zao. Kidari mama alikitundika juu ya moto kikauke, kwa kuwa alisema mtu mwenye njaa huchelewa lakini hafi. Siku ya nne marubani wengine walikuja, wakaketi kwenye benchi bila kuagiza kitu, na mmoja aliyejua Kifaransa akatuambia kwamba hawakufika walikotumwa. Wengine walisema walipigwa risasi kutoka mlimani, wengine kwamba ni mawingu. Walianguka msituni, mahali ambapo hakuna aliyeweza kwenda kwa sababu ya mapigano. Wote watatu. Nilikimbilia nyuma ya banda, nikaitoa ile karatasi ya mbuzi wanaopunga mikono, nikaona kwamba nilimpenda sana yule mtoto wa masikio mekundu, kama ndugu.

Mama alifanya matanga. Watu wakamuuliza, utafanyaje matanga bila ndugu wala maiti, katika mji ambao kila nyumba ina matanga yake? Akajibu kwamba mshenga ni ndugu. Alitandika turubai uani, akawasha moto, akaweka kofia juu ya kiti. Na watu walikuja. Hili nalikumbuka vizuri, maana sikuliona tena kwa muda mrefu: walikuja watu wa mitaa ambayo haikuwa ikizungumza. Katika matanga mengine usingeweza kwenda, ungeulizwa upande wako. Hawa watatu hawakuwa na upande wa kuuliziwa, basi kila mtu aliona anaweza kuketi. Wakasimuliana habari za mbuzi walevi, na siku ya pili nilisikia kicheko chini ya turubai, cha kwanza kidogo, kisha kikubwa. Mtu mmoja alisimama kuigiza beberu anayekwenda kinyumenyume. Mama alicheka naye, machozi yakimtiririka, akaongeza kuni.

Mwanamke mmoja tu hakucheka. Alikuwa amepoteza mtoto wake wa kiume. Alimwambia mama mbele ya wote kwamba ndege hiyo ilileta risasi, na kwamba hajui tunamlilia nani.

Mama hakukana. “Mimi nililisha midomo tatu,” alimwambia. “Ile masanduku, Mungu atabauliza. Midomo njo ninalilia. Na mutoto wako nitamulilia na yee, kama utaniambia jina yake.”

Yule mwanamke akataja jina la mwanawe, akaketi, akabaki mpaka jioni.

Kuhusu kidari, siku ya kumi na moja mbwa wa jirani alikidaka akakila chote. Niliona ni nafasi yangu. Nikamwambia mama kwamba basi, kimeliwa. Alinitazama kwa huruma. “Umbwa si mushenga,” akasema, na mashauri yakaishia hapo.

Tulibarikiwa kanisani. Padri alitufungisha ndoa, ofisi ya mji ilitufungisha, makaratasi yalisema tumefunga. Mama alikuja, akaimba kwa sauti kuliko wote, akala, akatuombea heri. Lakini mume wangu mama alikuwa akimwita “mwalimu” tu. Hakumwita mkwe. Na kwa sababu hakuwa mkwe, alimtendea asivyotendewa mkwe. Kwetu, mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa umbali: hawatazamani usoni, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Mama alikaa naye ana kwa ana, akila naye samaki mmoja, akimgombeza kutwa. Alimgombeza kwa shati lake, kwa kutembea kwake, kwa alama alizowapa watoto wa majirani. Mume wangu aliitikia “ndiyo mama” na kumchagulia kipande kisicho na miiba. Mimi ndiye niliyeumia. Kila alipoitwa mwalimu nilihisi kwamba mlango wa nyumba yangu haujafungwa, na kwamba siku yoyote mama angeweza kuja na kitenge changu mkononi na kusema, twende nyumbani. Nilimwambia mume wangu hivyo, nikamwambia kwa hasira. Akasema atafikiri. Mwalimu anaweza kufikiri mpaka ukamsahau.

Kuna sheria nyingine ya mama ambayo sijaitaja, kwa kuwa haikuwa inatuhusu. Alisema jina ni mtu. Mtoto akipewa jina la mtu, huyo mtoto ndiye mtu yule, na anastahili heshima yake. Binamu yangu mmoja alikuwa na jina la babu, baba yake mama, na tangu akiwa anatambaa mama alimwita “baba” na kumwachia kiti. Siku moja alipokojoa kwenye kiti hicho, mama alisema, pole baba. Sisi tulicheka pembeni.

Vita ikaingia mjini kabisa. Tulikimbilia kwenye mahema yaliyoota kuzunguka uwanja wa ndege, mama akiwaswaga mbuzi wanne waliobaki, mimi na tumbo la miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa pale, msichana, chini ya hema lililotikisika kila ndege ilipotua. Nesi alipouliza jina, mume wangu alikuwa ameshaliandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa ubaoni. Lilikuwa jina la rubani. Sitaliandika hapa, ni la binti yangu. Nilimwambia ni jina la kiume, tena la ugenini, watoto watamcheka. Akasema watazoea.

Mama alimchukua mtoto, akamtazama kwa muda mrefu. Akaniuliza tena jina, nikalirudia. Akambana kifuani, akamwambia taratibu, “Mama, chakula iko?” Kisha akanirudishia, akaniamuru nitoe ziwa haraka kwa sababu mtu mzima huyu ana njaa. Ilikuwa siku ya furaha kubwa kuliko zote za vita ile. Tulicheka hema zima, na nesi hakujua tunacheka nini.

Miaka mitatu ikapita. Tulirudi mtaani, tukakuta nyumba haina mabati, tukaezeka. Mama akafungua malewa yake tena. Mbuzi wanne wakawa kumi na wawili. Kisha Jumapili moja mume wangu alivaa shati la kanisani, akachinja, akatoa kidari, akakichoma mwenyewe. Akaleta kiti cha mbele uani, akaweka juu yake ile kofia ya kijivu, ambayo mama aliihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki muda wote huo. Sikujua anafanya nini. Alimwomba mama aketi, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mwanafunzi.

“Mama, weye ulisema jina njo mutu.”

“Nilisema.”

“Na mushenga wetu alienda bila kula.”

“Alienda.”

“Basi amerudia. Ni ule anavuta umbwa mukia.”

Wote tukageuka. Binti yetu alikuwa kweli anamvuta mbwa mkia, kwa mikono miwili, ulimi nje. Mama alimtazama mtoto, akamtazama mume wangu. Niliona anaitafuta sheria itakayoivunja sheria hiyo, nami nikashika ukingo wa benchi, maana nilijua ana nyingi. Hakuipata. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, na aliisema miaka yote mbele ya mashahidi. Nilielewa hapo mume wangu alivyofikiri tangu kwenye hema, na kwamba alikuwa amengoja miaka mitatu meno yaote na mkono ujue njia ya mdomoni.

“Akule na mukono yake,” mama akasema mwishowe. “Asisaidiwe. Na pilipili ikuwe.”

Tulimketisha mtoto. Kofia ilimfunika macho, akaisukuma nyuma. Akala kipande cha kwanza, pilipili ikamchoma, akalia, akanywa maji, akala cha pili. Hakuna aliyemhimiza. Alikula kwa mwendo wake, akizungumza na mbuzi, na sisi watu wazima tulitazama taya la mtoto wa miaka mitatu. Kilipobaki kipande kimoja akasema ameshiba.

“Bado,” mama akasema.

Mtoto akatikisa kichwa. Mume wangu alikuwa anatazama chini. Nilitaka kusema neno, na safari hii ulimi wangu ulinigomea.

Ndege ikapita. Hakuna ajabu katika hilo, tunakaa karibu na uwanja na ndege hupita kila siku. Watoto wote wa mtaa hukimbia kuipungia. Wa kwetu aliruka kitini na kofia yake, mikono wazi, akakimbia kuuzunguka ua akinguruma, mara moja, mara mbili. Mama alimfuata kwa macho, midomo ikihesabu. Mtoto akarudi anahema, akapanda kitini. Kukimbia kulikuwa kumempa njaa. Akakila kile kipande, akaigeuza sahani chini juu, akaanza kuipiga ngoma kwa mfupa. Watoto wote hufanya hivyo na sahani, najua. Lakini mama alijifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatetemeka, sikujua kwa kilio au kicheko mpaka alipoondoa mikono nikaona ni vyote.

Akainuka. Akajifunga kitenge chake vizuri mabegani, kama mtu anayeingia kanisani.

“Mukwe,” akasema, “aksanti.”

Kisha akakichukua kiti chake, akakigeuza, akaketi tena akitazama upande mwingine, kwa heshima. Chakula chake nilimpelekea peke yake, kwenye sahani yake. Tangu siku hiyo hajamtazama mume wangu usoni wala hajamgombeza hata mara moja. Na yeye, aliyengoja miaka minne aitwe mkwe, bado humchagulia mama kipande kisicho na miiba, halafu hunipa mimi nikipeleke.